Kompyuta Bubu ya Mwalimu Mirzosharif

Sisi watu wa Istaravshan tuna ila moja ambayo hata wanaotupenda hawawezi kuificha. Mtu wetu akikosa kisu chake, kwanza humkumbuka jirani aliyepita asubuhi, kisha shemeji aliyelala kwake juzi, kisha wageni wa arusi ya mwaka jana. Mfuko wa koti alilolivaa huukumbuka jioni, akiwa amekwisha kununiana na nusu ya mtaa. Hadithi hii ni ya nyumba moja iliyofanya vivyo hivyo, ila kilichopotea humo hakikuwa kisu bali sauti, na kama isingepatikana, mtoto mmoja wa mtaani kwetu angepelekwa mbali na mama yake.

Nyumba yenyewe ni ya Mwalimu Mirzosharif, mwisho wa kichochoro cha wafua visu. Mwalimu ni kipofu tangu utotoni. Alifundisha lugha miaka mingi, na shule yake ilipofungwa alibaki nyumbani na mkewe Husniya, ambaye ni muuguzi, pamoja na mama yake mzazi, Bibi Oyniso. Mwana wao wa pekee, Parviz, yuko Urusi anajenga maghorofa ya watu. Katika chumba cha wageni, kwenye meza iliyo karibu na dirisha, walikuwa na kompyuta ambayo Parviz aliinunua alipokuwa mwanafunzi. Ilikuwa nzee hata siku ile iliponunuliwa. Sanduku lake, lililokaa sakafuni chini ya meza, lilikuwa jeupe likawa na rangi ya chai, na likiwashwa lilinguruma kama babu aliyeamshwa kabla ya wakati wake.

Hata hivyo kompyuta hiyo ilikuwa na jambo ambalo mashine mpya hazikuwa nalo: ilisema Kitajiki, lugha yetu. Rafiki wa Mwalimu, marehemu Bahrullo, naye pia kipofu, aliweka ndani yake programu ya kusoma kwa sauti kila kinachoandikwa kwenye kioo, akaifunza herufi zetu moja moja mpaka ikaacha kuzitafuna. Lafudhi ya Kirusi haikuitoka, lakini ilieleweka. Bahrullo alifariki bila kumwonyesha mtu alivyofanya, na kila walipojaribu kuihamishia kwenye mashine nyingine, programu ile iligoma. Kwa sauti hiyo Mwalimu aliandika, alisoma habari, na aligombana na mwanawe kwa barua pepe.

Machipuko yalipoingia, idara ya elimu ilikubali kufikiria darasa la watoto wasioona hapa hapa mjini, na Mwalimu akajitolea kuwafundisha nyumbani kwake. Sharti lilikuwa moja. Bi Mavjuda wa idara hiyo angekuja Jumamosi moja ya mwezi Julai, ajionee mwenyewe kama kweli kipofu anaweza kumfundisha kipofu kutumia kompyuta. Asiporidhika, watoto wangepelekwa shule ya bweni Dushanbe, ng'ambo ya milima, wawe wanarudi kwao likizo tu. Miongoni mwao alikuwamo Gulrukh, binti wa miaka kumi wa jirani Qimmat. Alipodokezewa habari za bweni, mtoto yule alikataa kula siku nzima, na tangu hapo mama yake alikuwa akimleta kwa Mwalimu kila alasiri, amzoeshe vidole kwenye kibodi.

Bibi Oyniso naye alijipa kazi yake. Tangu habari za darasa zivume, alianza kufukiza. Kila jioni alitia makaa kwenye kikaango chake cheusi, akanyunyiza mbegu za ispand, mmea wetu wa kufukuzia kijicho, akaizunguka nyumba akinong'ona dua. Alifukiza milango, alifukiza magodoro, alimfukiza mwanawe kichwani, na mwisho alipiga magoti chini ya meza akaifukiza kompyuta, kwa kuwa jicho baya, kwa maelezo yake, hupenda kukaa chini. Husniya alipozisikia mbegu zikipasuka motoni alikimbia kuanua nguo. Hakuna aliyelalamika. Katika mtaa wetu nyumba isiyofukizwa ndiyo inayosemwa.

Jumatatu ya wiki ile ya ukaguzi, Qimmat alikaa chumbani akimsikiliza binti yake akibofya herufi, na mashine ikizitamka moja baada ya nyingine.

"Kompyuta yenu inasema vizuri kuliko mume wangu," alisema Qimmat, "tena haikoromi."

Wote walicheka isipokuwa Bibi Oyniso. Qimmat alikuwa amesifu bila kusema mashallah, na bibi yule alilisikia pengo hilo kama wengine wanavyosikia sahani ikivunjika.

Kesho yake asubuhi Mwalimu aliiwasha kompyuta. Feni ilizunguka, diski ikakwaruza kama kawaida, akangoja. Sauti haikuja. Alibonyeza hiki na kile, akazifuata nyaya za spika kwa vidole mpaka ukutani, akakuta zote ziko mahali pake. Ndipo alipomwita mkewe.

"Husniya, hebu njoo unisomee kioo. Huyu amekuwa bubu."

Husniya alijipangusa mikono, akainama, akafungua orodha ya vifaa kama mumewe alivyomwelekeza. "Kibodi ipo. Kipanya kipo. Kwenye sauti pana alama ya njano, baba Parviz, kama ile wanayoiweka barabarani mawe yakiporomoka."

"Basi ni kiendeshi. Mwite ndugu yako."

Kila kifaa cha kompyuta kina programu yake ndogo iitwayo kiendeshi, ambayo mafundi wa sokoni huiita draiva. Kazi yake ni ukalimani. Bila hiyo, kifaa huwa kama mgeni asiyejua lugha ya mwenyeji: anakaribishwa, anakalishwa, lakini hakuna anayejua anataka nini. Kadi ya sauti ya Mwalimu ilikuwa kipande cha pekee kilichochomekwa ndani ya lile sanduku, na mkalimani wake ndiye aliyeshukiwa kutoroka.

Dilovar, mdogo wake Husniya, alikuja mchana. Ana kibanda cha kutengeneza simu sokoni, na ni mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa maneno.

"Shemeji, mashine hii ingekuwa mtu, saa hizi ingekuwa inapokea pensheni."

"Na wewe ungekuwa mlangoni unaikopa. Kaa ufanye kazi."

Dilovar alikiondoa kiendeshi, akakiweka upya kutoka kwenye sidii ya zamani iliyokuja na kadi, akazima, akawasha. Kimya. Alirudia yote. Kimya kile kile. Akajikuna kichwa, akafungua ubavu wa sanduku, akamulika ndani kwa simu, akaibonyeza kadi kwa kidole gumba kuona kama imekaa sawasawa, kisha akawasha tena. Mara ile sauti yenye lafudhi ya Kirusi ikaanza kusoma tarehe ya siku.

"Si nilisema? Draiva ilikuwa imelala," Dilovar alijigamba. "Draiva ni kama kibarua, mpaka umfukuze kwanza ndipo anawahi kazini."

Mwalimu alishusha pumzi, akamkabidhi bakuli la chai. Kidole gumba hakuna aliyekikumbuka, hata mwenye kidole. Kwa sababu ya joto la Julai, Dilovar aliuacha ubavu wa sanduku wazi ili mashine ipate hewa, akaenda zake kichwa kimemvimba kwa sifa. Jioni ile Bibi Oyniso alifukiza mara mbili, mara ya kwanza kwa shukrani na mara ya pili kwa kinga, na safari hii hakuwa na haja ya kuutafuta upenyo wa kupitishia moshi.

Alhamisi sauti ikapotea tena.

Dilovar alirudi na dawa kali zaidi. Ndani ya flashi moja alikuwa na kifurushi cha viendeshi vya kila kifaa duniani, vipya kabisa, ambacho mwenzake wa sokoni alikuwa amekisifia sana. Alikichomeka, akakiacha kifanye kitakacho, akanywa chai. Kilipomaliza, Husniya alitazama kioo akashika shavu.

"Herufi zimekuwa kubwa kama sahani," alisema. "Na picha imelala ubavu. Hapa kwenye orodha pameandikwa tuna kamera mbili."

"Hatuna hata moja," alisema Mwalimu.

"Ndiyo nashangaa."

"Na sauti?"

"Alama ya njano."

Mwalimu Mirzosharif ni mtu mpole, lakini siku ile uvumilivu ulimwisha. "Dilovar, kila ukija unaniachia msiba mpya. Uliikuta bubu, sasa ni bubu tena kichaa. Nani alikutuma uguse kioo?"

"Shemeji, mimi nasaidia."

"Msaada wako ndio ulioimaliza. Ulichokifanya Jumanne ndicho kinachoiua leo. Keshokutwa Bi Mavjuda anakuja, nitamwonyesha nini? Kamera zangu mbili?"

Dilovar aliliweka bakuli chini likiwa na chai nusu, akaondoka. Kwetu mtu akiiacha chai nusu, ujue ameumia. Husniya akasema, "Ni ndugu yangu yule, baba Parviz. Amefunga kibanda chake mara mbili wiki hii kwa ajili yako." Mwalimu aligeukia meza, akaanza tena kuzifuata nyaya kwa vidole. Alijua kwamba amekosa, ila hofu ya Jumamosi ilikuwa kubwa kuliko aibu.

Bibi Oyniso alikuwa na mshitakiwa wake. Alasiri Qimmat alipobisha hodi, ameshika sahani ya sambusa kwa mkono mmoja na Gulrukh kwa mkono wa pili, bibi mwenyewe ndiye aliyekwenda langoni.

"Mwalimu amelala."

Ndani Mwalimu alisikika akikohoa.

"Akiamka tutakuja, Bibi," alisema Qimmat. "Keshokutwa ndiyo siku yenyewe, na mtoto hajamaliza kujifunza kuandika jina lake."

"Hataamka leo. Wala kesho."

Qimmat aliielewa ile sauti, maana hata mjinga angeielewa. Aliiacha sahani juu ya ukuta mfupi wa lango, akamgeuza mtoto taratibu. Gulrukh alikuwa akiuliza amekosea wapi. Bibi Oyniso alifunga lango, akaichukua sahani akawatupia kuku zile sambusa, akaenda kuwasha makaa mapema kuliko siku nyingine.

Ijumaa alasiri Dilovar alirudi bila kuitwa na Mwalimu. Dada yake ndiye aliyempigia simu. Aliingia akasalimia kwa ufupi, akachuchumaa mbele ya sanduku.

"Shemeji, nimeuliza mafundi watatu. Wote wanasema mamoja. Tuifute mashine yote, tuweke mfumo upya kuanzia sifuri, kisha draiva ya sauti peke yake. Mfumo ukiwa safi, draiva itakaa."

"Na Bahrullo?"

Dilovar alilitazama sanduku. "Ile programu yake itaondoka. Nitaweka nyingine. Itasema Kirusi, vizuri tu."

"Gulrukh hajui Kirusi. Wenzake pia hawajui."

"Najua. Lakini kesho asubuhi utakuwa na mashine inayosema Kirusi au utakuwa na mashine isiyosema kitu. Mimi sina ya tatu."

Mwalimu aliona amebanwa kotekote. Kufuta kulikuwa ni kumzika rafiki yake kwa mara ya pili, na safari hii kwa amri yake mwenyewe. Kutofuta kulikuwa ni kumpeleka yule mtoto ng'ambo ya milima. Alikaa huku mikono iko magotini, machozi yakimlengalenga, na Husniya akamshika bega. Mwishowe akapiga moyo konde.

"Futa," alisema.

"Sawa. Ila ngoja kwanza niichomoe kadi nisome namba yake, ili safari hii nitafute draiva yake hasa, nisibahatishe." Dilovar alifungua skrubu, akaivuta kadi, akaigeuzageuza penye mwanga. "Namba haionekani. Imefunikwa na kitu. Dada, nipe kitambaa. Shemeji, nishikie hii kidogo."

Mwalimu aliipokea ile kadi. Vidole vilivyosoma maandishi ya nukta tangu utotoni havijui kushika kitu bila kukisoma. Vilipita juu ya vijiti na vifungo vya kadi, vikashuka mpaka kwenye ule ukingo wenye meno ya shaba unaoingia ndani ya mashine, vikasimama.

"Inanata," alisema.

"Vumbi hilo."

"Vumbi la Istaravshan nimelila miaka hamsini na kitu, Dilovar. Halinati." Aliusugua ukingo ule kwa kidole, akakipeleka puani. Alinusa mara moja, akanusa tena, akaishusha kadi pajani pole pole. Uso wake ukawa na sura ya mtu aliyeamshwa usingizini. "Ninusieni na ninyi," alisema, "msije mkasema ni pua yangu."

Dilovar alinusa. Husniya alinusa. Wakati huo huo harufu ile ile iliwafikia kutoka upande wa mlangoni, ikiwa mbichi na yenye moto. Bibi Oyniso alikuwa amesimama kizingitini na kikaango chake mkononi, moshi ukipanda taratibu kupita ushungi wake.

"Mna nini?" aliuliza bibi. "Mwanangu haoni, lakini ninyi wawili mmenikodolea macho kama mwizi."

Husniya aliinamisha kichwa, kwa kuwa neno lile halikuwa neno la mkwe kumwambia mama wa mumewe. Dilovar akajikuta ana shughuli nyingi na bisibisi yake. Ilibaki kazi ya mwana.

"Mama," alisema Mwalimu, "kaa kidogo. Mashine hii ina feni. Inavuta hewa kutoka chini ili isipate joto, na hewa hiyo inapita kwenye kadi hizi. Tangu machipuko imekuwa ikivuta moshi wako. Mafuta ya ispand yameganda kwenye meno ya kadi, kadi haigusani tena na mashine. Draiva haina kosa. Mkalimani atasema nini ikiwa mgeni mwenyewe hajafika ndani?"

"Moshi wangu?"

"Wa mapenzi, mama. Lakini ni moshi."

Bibi Oyniso alikitoa kikaango nje, akakiweka mbali na mlango, akarudi na kuketi kwenye godoro. "Nimemfungia jirani lango," alisema. "Nimewapa kuku sambusa zake. Siku zote nayasaka macho ya watu, kumbe mkono wenyewe ni huu." Alilia kidogo, bila kelele. Kisha akajifuta kwa ushungi na kuuliza swali ambalo wengine walipaswa kuwa wamekwisha kuliuliza. "Sasa anatibiwa vipi?"

"Raba ya penseli," alisema Dilovar, na sauti yake ya kawaida ikaanza kumrudia. "Ndiyo inayosafisha meno haya bila kuyaumiza. Nyumba hii ina penseli?"

Husniya alikuwa nayo, ile ya kujazia chemsha bongo za gazetini, yenye raba mkiani, na kutoka kwenye mkoba wake wa kazini akaleta pamba na spiriti ya kusafishia vidonda. Dilovar alisugua. Meno yaliyokuwa yamegeuka kahawia yalianza kung'aa moja baada ya jingine, na raba ikageuka nyeusi. Alisafisha pia ule mwanya inamoingia kadi, akasafisha kadi nyingine zote, akafuta hata feni, akitoa pamba chafu moja baada ya nyingine. Bibi alizitazama zile pamba akitikisa kichwa.

"Namba imeonekana," alisema Dilovar. "Nitafute draiva mpya yake?"

"Mpya imetengenezewa wajukuu wa kadi hii," alijibu Mwalimu. "Kiondoe kile kifurushi chote, umrudishie mkalimani wake wa zamani."

Dilovar aliviondoa viendeshi vya kifurushi kimoja kimoja. Picha ikaacha kulala ubavu, herufi zikarudi kimo chake, zile kamera mbili zikatoweka jinsi zilivyokuja. Akaizima mashine, akaichomeka kadi, akaweka sidii ya zamani, akawasha. Feni ilizunguka kwa wepesi ambao haukusikika tangu majira ya baridi. Diski ilikwaruza. Watu wanne walikaa bila kupumua sawasawa, na Mwalimu, ambaye hakuwa na kioo cha kutazama, alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Kifaa kipya kimepatikana," ilisema kompyuta, kwa Kitajiki chake cha Moscow.

Mwalimu Mirzosharif aliufunika uso kwa viganja. Mabega yalimtikisika, na kwa kitambo hawakujua kama analia au anacheka. Alikuwa akifanya yote mawili. Furaha ilimjaa mpaka akakosa pa kuiweka, akaiambia mashine isome tarehe, isome saa, isome barua ya mwisho ya Parviz ambayo ilikuwa na malalamiko matupu kuhusu chakula cha Urusi, na barua ile ikawa tamu kuliko shairi.

Kisha akanyoosha mkono hewani. "Dilovar, uko wapi?"

"Nipo, shemeji."

"Jana nilikutukana. Ulikuwa huna kosa, na hata ungekuwa nalo, lile si neno la kumwambia ndugu. Nisamehe."

"Nimeshasahau," alisema Dilovar. "Ila chai yangu ile nusu bado naidai."

Husniya alikwenda kuipika, na safari hii alileta mkate wa moto, asali na aprikoti ndogo za manjano za mti wa uani, akacheka peke yake njiani. Waliketi kula. Bibi Oyniso hakuketi. Alivaa kandambili za msalani kwa haraka, akavuka kichochoro, akabisha kwa Qimmat.

Qimmat alifungua lango nusu.

"Mwanangu," alisema bibi, "jana nilikudanganya. Mwalimu hakuwa amelala. Nilisema umeipiga jicho kompyuta, nikawafungia mlango wewe na mtoto. Kumbe niliyeiziba koo ni mimi na moshi wangu wa kuyafukuza macho yako. Nimekuja uniseme, maana nastahili."

Qimmat alimtazama bikizee yule na kandambili zake zisizofanana. "Bibi," alisema, "mimi ningekuwa na jicho la namna hiyo, ningeanzia kwa mama mkwe wangu."

Bibi Oyniso alicheka mpaka akashika nguzo ya lango. Qimmat naye akacheka, akalifungua lango lote, na walipomaliza kucheka walikumbatiana muda mrefu. Jioni ile Gulrukh alirudi kwenye kibodi, na kabla ya giza kuingia alikuwa ameandika jina lake lote bila kukosea.

Jumamosi Bi Mavjuda alifika na miwani yake na sura ya mtu aliyekwisha kuandaa jibu. Alikalishwa mbali na mlango, pahali pa heshima, akaandaliwa pilau, akamiminiwa chai. Alimsikiliza Mwalimu akieleza, kisha akaomba mtoto aandike kitu chochote ambacho hakufundishwa. Gulrukh alifikiri. Vidole vyake vilitambaa, vikasimama, vikatambaa tena, na mashine ikasoma pole pole: "Mimi nataka kulala kwetu."

Qimmat aligeukia dirishani. Bi Mavjuda alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Mtoto amejifunza, sikatai," alisema alipoweza. "Hofu yangu ni hii mashine, Mwalimu. Ni kuukuu. Siku ikigoma, na watoto wamekaa hapa, mtafanya nini? Mtamtafuta nani?"

Mwalimu alifungua kinywa ajibu, lakini mama yake alimtangulia.

"Hatutamtafuta mtu, binti yangu," alisema Bibi Oyniso. "Tutaanza na sisi wenyewe." Na mbele ya ofisa wa serikali, bila kuficha hata sambusa na kuku, akaisimulia habari nzima tangu kikaango mpaka raba ya penseli. Alipofika kwenye zile kamera mbili, Bi Mavjuda alikuwa ameliweka bakuli chini kwa kuogopa kumwaga chai. Alicheka akatoa machozi, na alipotulia alimvuta Gulrukh akamkalisha karibu naye.

"Darasa litaanza Septemba," alisema. "Nawe utalala kwenu."

Hayo ndiyo yaliyotokea katika nyumba ile. Alisingiziwa jirani, akasingiziwa shemeji, zikasingiziwa hata draiva zisizo na mdomo wa kujitetea, ilhali kila jioni mwenye nyumba alikuwa akiutia moshi kwa mkono wake mwenyewe. Kweli waliosema hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako.